Mke Mwenza wa Shambani

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yamenipata mimi, hapa hapa Kipungani, si hadithi ya kuambiwa. Na mimi ni mwanamke wa wivu, sifichi. Marehemu mama alikuwa akisema wivu nimezaliwa nao kama vidole.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu bado anadhani nti ni yake. Kunguru walitutesa sana wakati huo. Ukipanda mahindi asubuhi, mchana wameshayafukua. Bwana Shamba akamwazima mume wangu Shee bunduki ya upepo, kwa kuwa Shee alikwenda vita vya Bama, vile vya kupigana na Mjapani, na shabaha aliijua. Bunduki yenyewe haina kishindo. Unaukunja mtutu, unatia kidonge cha risasi, pwi! Basi. Lakini kunguru si mjinga. Hazikupita siku walishamjua. Shee akitokea na bunduki, kaa kaa kaa, wote juu! Mimi nikipita na jembe, hata shingo hawageuzi.

Shee akachukua jamvi langu kuukuu, nililolisuka kwa mikono yangu, akawa analala chini yake katikati ya shamba, nje mtutu tu. Kwa hila hiyo akampata mmoja mkubwa, kifua cheupe pe. Akamfunga miguu, akamtundika juu ya mti alioukita shambani, wenziwe waone. Wakaona. Wakahama wote, ila mmoja aliyebaki juu ya mnazi, halii wala hali. Shee akazidi kushinda na jamvi lake pale, kumvizia huyo.

Haukupita muda jirani yangu Bi Rukia akanijia uani na sura ya kuhurumia mtu. "Mwenzangu, mimi si mchongezi," akasema. "Lakini nimepita shambani kwenu, jamvini kwa Shee nimeona miguu minne."

Miguu minne! Niliutupa ukili niliokuwa nikiusuka, nikatoka jua la utosi, hata buibui sikulifunga sawasawa. Ndia nzima nasema peke yangu.

Nikawakuta. Shee amelala fofofo juu ya jamvi, na kando ya kichwa chake amekaa mwanamke, buibui jeusi, leso nyeupe kifuani, anamtazama mume wangu usoni. Si kwa mapenzi, niamini. Yangekuwa mapenzi ningejua la kufanya.

"Wewe bibi, humjui mwenye mume?" nikampigia kelele.

"Namjua," akasema bila kugeuka. "Na wangu mimi yuko pale juu." Akaonyesha ule mti. "Huyu wako ndiye aliyemuua. Mtungueni, nimsitiri."

Mtu mwingine angekimbia, sivyo? Angesoma Ayatul Kursi na miguu iko mbioni. Mimi niliona dharau tu. Mwanamke amekaa jamvini kwangu, ubavuni mwa mume wangu, kisha ananitania kwa habari za ndege!

"Ataoza pale pale," nikamwambia. "Na wewe ondoka jamvini kwangu."

Ndipo akageuka. Mato yake yalikuwa meusi yote, hayana weupe hata chembe.

"Wewe ndiye wa kuona wivu?" akaniuliza. "Wako anarudi nyumbani kila jioni. Haya. Usiku ni wako. Mchana ni wangu."

Akaruka, mchanga ukatimka. Niliinua mkono kujikinga mchanga usoni, na nilipoushusha jamvini kabaki Shee peke yake, na kule mnazini kunguru ndio kwanza anatua. Shee akafumbua macho. Mimi mkewe nimesimama mbele yake, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Yuko wapi?"

Nilimtungua yule maiti siku hiyo hiyo, nikamzika. Haikufaa kitu. Bunduki ikarudi kwa Bwana Shamba. Mahindi yetu hayakuguswa tena, na majirani wakatuonea kijicho, masikini, laiti wangejua. Kila alfajiri Shee huyoo shambani. Chakula nikimfungia, anakula nusu, nusu anamwekea. Magharibi anarudi, mpole, mume mwema kabisa. Mwalimu wa chuo alimsomea, akamnywesha makombe ya aya mpaka akachoka yeye mwalimu. Siku moja nikamuuliza, "Bwana, mnazungumza nini naye?" Akasema, "Hatuzungumzi. Ananitazama tu." Nililia usiku kucha kwa jibu hilo, tena usiku wenyewe ulikuwa zamu yangu.

Tukazeeka hivyo. Shee alipofariki nilikaa eda ndani, kama sharia inavyotaka. Naye kunguru wake akakaa juu ya ukuta wa ua, halii, haendi popote. Waliokuja kunipa pole walitaka kumpiga mawe, nikawaambia mwacheni. Siku niliyotoka eda nikaoga, nikaenda kaburini. Nikamkuta ametangulia.

Basi nyinyi wenye mashamba, kunguru muueni, mwalimu amesema si dhambi. Ila msimtundike. Mfukieni upesi, kabla mwenziwe hajaja kumtaka. Na wewe mwanamke mwenzangu, ukiombwa maiti toa, ugomvi ufanye baadaye.

Mimi wanangu nimeshawausia. Wanizike ubavuni mwa baba yao, upande ule ule anaotua yeye.