Jina la Koinet Kitabuni

Mume wangu Kyule ni mchonga mawe hapa Kitengela, na nikikuambia sijaona mwanamume mkweli kama yeye, usidhani ni mapenzi tu yanayonisemesha.

Zamani alikuwa dereva wa lori la jeshi huko Somalia. Mwaka jana Wahome, aliyekuwa sajenti wake, alichapisha kitabu kuhusu vita hivyo. Humo Kyule anakimbia katikati ya risasi na kuwatoa majeruhi wawili kwenye gari linalowaka. Mtaa mzima ukaanza kumwita shujaa. Mimi nilivimba kichwa, sitaficha. Yeye alikisoma hadi mwisho, kisha akaenda moja kwa moja kwa Wahome, nami nyuma yake.

"Afande, huyu si mimi. Ni Koinet."

Wahome akainamisha kichwa. Koinet, mwenzao kikosini, alikufa siku ile ile. Wahome alipopeleka mwili kwao Kajiado, wazee walimwambia kwamba kwao marehemu hatajwi jina. "Nikaona nisiwakosee heshima," akasema. "Na hiyo kazi ilikuwa kubwa, singeiacha bila mwenyewe. Nikakupatia wewe, uko hai."

"Sasa mama yake atajua aje?" Kyule alifoka. Sijawahi kumsikia akimfokea mkubwa wake.

Jumamosi tukaenda Kajiado sote watatu. Mama yake Koinet alikuwa mlangoni akitunga shanga.

"Takwenya, Yeyo," Kyule akamsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama.

"Iko," akaitikia.

"Kijana yako alitoa watu wawili kwa moto. Akarudi kutafuta wa tatu. Mimi nilikuwa nimelala chini ya lori, nimejikojolea."

Yeyo aliweka shanga chini. "Mimi niliambiwa tu amekufa. Hakuna mtu aliniambia alikuwa anafanya nini." Alilia, kisha akamgeukia Wahome. "Sisi hatutaji na mdomo. Kitabu haina mdomo. Andika."

Kikachapishwa upya. Kanisani kwetu Kyule mwenyewe aliusoma ukurasa wa Koinet, pamoja na sehemu yake ya lori na mkojo. Watu wakacheka, nami nikapiga makofi hadi viganja vikauma. Nilimwonea fahari kuliko siku zote za ule ushujaa wa kupewa.

Lakini nakala ya kwanza kabisa tulikuwa tumempelekea Yeyo. Hajui kusoma, kwa hiyo aliomba aonyeshwe jina liko wapi. Akaliwekea kidole, midomo ameifunga, na hakukiondoa hadi chai yake ikapoa.