Mama Tanuri na Unga wa Nikeli

Maabara nzima ilimwita Mama Tanuri, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Alilitolea jasho miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vichocheo, ule unga unaoharakisha mambo ndani ya mitambo ya kiwanda. Unalowesha silika, unga mweupe wa jamii ya mchanga, kwa maji ya chumvi ya nikeli, unakausha, unachoma, na chembe za oksidi ya nikeli zinabaki zimeganda juu ya silika. Kiwanda kilitaka chembe zisizozidi nanomita tano, na nanomita, jamani, ni milimita moja ukiigawa mara milioni.

Mafungu matatu yalishaharibika. Chembe zilitoka za nanomita ishirini, mabonge matupu. Daktari mpya, mkuu wa maabara, kijana wa rika la kitinda mimba wake, akasema pengine mkono wa mama umechoka; la nne nalo likiharibika, tanuri atapewa mwingine, yeye akaoshe vyombo. Mama Tanuri alijikaza kisabuni, lakini ilimuuma, tena sana.

Kosa alilijua. Daktari aliagiza unga ujazwe kwenye kikombe pomoni na moto upandishwe upesi, ili kazi iishe mapema. Mara mbili mama alimweleza kwamba unga ukirundikana, mvuke na gesi hukosa pa kutokea, na chembe zikichomwa humo huhama na kushikana. Maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Safari hii hakuomba ruhusa ya mtu. Aliutandaza unga mwembamba kwenye sahani pana za kauri, akafungulia hewa ipite juu yake bila kukoma, akapandisha joto digrii moja kwa dakika. Kutwa hakubanduka, wenzake wakamtania kwamba anaatamia mayai.

Majibu ya hadubini yalipokuja, daktari aliyasoma mara mbili. Nanomita nne kasoro.

“Mama, nimekukosea,” alisema. “Tanuri ni lako.”

“Mwanangu, tanuri lilikuwa langu hata shule hujaanza. Vaa glavu. Fungu la tano unachoma wewe, mimi nakuangalia.”

Daktari akavaa glavu. Mama Tanuri akavuta kiti cha mkuu wa maabara, akaketi, akakunja nne.