Siku Mzee Charo Alipoitwa Barazani

Iko asubuhi moja isiyonitoka moyoni, mwanangu. Nilitia kikoi na mswaki katika mfuko, nikatoka chumbani kwangu Kisumu Ndogo, hapo Malindi, nikashika njia ya kaskazini bila kujua nitalala wapi. Shule niliiacha mapema, lakini hamu ya kujua mambo haikuniacha, na ndiyo iliyokuwa ikinitembeza.

Kabla ya kufika Marereni nikamkuta mjane wa Kigiriama, Mama Kadzo, amesimama kando ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Popote."

"Basi popote pako leo ni barazani. Nisindikize. Mume wangu atasema."

Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Akasema alikwisha kuzikwa zamani.

Njiani akanieleza. Mtu wa mbali alikuja na hati, akidai shamba lao. Lakini mumewe, Mzee Charo, kabla ya kufa, alirekodiwa pamoja na wazee wenzake, akitaja kisima, makaburi na mpaka. Wote wale wameshakufa. Sauti zao zilitiwa katika kompyuta ya kijiji, na siku hiyo jopo la ardhi lingezisikiliza mbele ya watu.

Tulipofika barazani, karani wa jopo akawasha kompyuta. Jina la Mzee Charo likaonekana. Akabonyeza, kimya. Programu ilitaka leseni mpya, na kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kufungwa. Fundi mmoja akajaribu kwa kila programu aliyokuwa nayo.

"Sauti zimo," akasema, "lakini zimehifadhiwa kwa mtindo wa siri wa kampuni ile. Hakuna mwingine aujuaye."

"Mama, faili haifunguki," karani akasema.

"Mwite kwa jina lake. Labda hapendi kuitwa faili."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Jopo likangoja hadi adhuhuri, kisha likaamua kwa kilichosomeka. Kilichosomeka ni hati ya yule mgeni.

Mwanangu, siku hizi kura zenu, ardhi yenu na maneno ya wazee wenu vyote vinaingia mashineni. Kabla kijiji hakijaipokea mashine, simama uulize: mtindo wake wa kuhifadhi uko wazi kwa wote? Muuzaji akiondoka, mwingine ataweza kuifungua? Usione haya kuuliza kwa kuwa hukusoma. Mimi pia sikusoma. Watu wasioweza kufungua kumbukumbu zao wenyewe wataitwa barazani kama wengine, ila hawatasikika.

Baadaye nilimbebea Mama Kadzo godoro lake mpaka Kisumu Ndogo, nikampatia chumba jirani na changu. Mwenye nyumba akampa ufunguo. Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Huu angalau naufungua mwenyewe," akasema.

Mola akupe pa kulala, mwanangu, akuhifadhie sauti za waliokuzaa, na siku utakapozihitaji, zisikike.