Masale ya Meya

Meya wa mji wetu hachaguliwi na mimi wala wewe. Madiwani ndio wanaomchagua, wao kwa wao. Kwa hiyo mume wangu alipotaka kuendelea na umeya, kura zake zilikuwa mikononi mwa watu wale wale aliokuwa akiwakata kauli vikaoni na kutopokea simu zao. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mimi siasa sizijui. Sawa, baba.

Uchaguzi ulipokaribia ndipo akapata akili, nayo nusu. Sisi Wachagga, aliyekukosea akikuletea jani la isale kuomba radhi, humkatalii. Unasamehe, yanaisha. Basi akapanda na panga mpaka kwenye shamba letu la Masama, akafyeka masale karibu yote ya mpakani, ambayo ndiyo uzio wetu na jirani. Nikamuuliza mpaka utalindwa na nini.

"Mama watoto, usiniletee mambo ya migomba. Mimi natafuta kura."

Akazunguka Moshi nzima kwa madiwani, buti la gari limejaa majani. Wote waliyapokea, tena kwa mikono miwili. Mmoja aliyezaliwa Tanga aliuliza yanachemshwa kwa muda gani. Bwana mkubwa akarudi anapiga mluzi, akanituma nipeleke suti ya kuapishwa kwa dobi.

Alipata kura mbili. Moja ni yake, ya pili mpaka leo tunabishana ni ya nani. Umeya ukaenda kwa mama mmoja muuza saruji, ambaye simu anapokea. Ukumbini madiwani wakampa mume wangu mkono mmoja mmoja. "Mheshimiwa, tumekusamehe kabisa." Na kweli walikuwa wamemsamehe.

Akaja Masama kupumzika, yaani kununa. Nilimhurumia, sitaficha. Mtu mzima anashinda kwenye kigoda akiitazama simu isiyolia.

Asubuhi moja tukamkuta mbuzi wa jirani katikati ya mboga zangu za mnafu, amemaliza tuta zima. Angezuiwa na nini, na uzio umekwenda kwenye kampeni? Nilipandwa na hasira, nikamfunga kwenye mgomba. Haukupita muda, jirani mwenyewe huyo anakuja, ameshika isale mkononi. Nililitambua. Ni la kwetu, lile lililosalimika pale kona ya mpaka.

Mume wangu akalitazama jani kwa muda, kisha akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe kabisa," akasema.

Jirani akashukuru, akaenda kumfungua mbuzi wake.

"Hapana, huyo anabaki mpaka mnafu uote tena," mume wangu akamzuia.

"Lakini Mheshimiwa, si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Mbuzi ni habari nyingine."

Nikaona maneno ya mume wangu yanamrudia mwenyewe masikioni. Akakaa chini kwenye majani makavu ya migomba, na isale lake mkononi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na jirani akamfungua mbuzi akaondoka naye.