Nilivyotumwa Shauri Moyo Kumleta Babu

Niliondoka nyumbani Umoja, Nairobi, Ijumaa moja asubuhi, katikati ya miaka ya tisini, kwa sababu baba alinituma nikamlete Babu. Kesho yake tulikuwa twende Kangundo kupeleka mbuzi watatu wa uchumba kwa akina Mwikali, na kwetu Wakamba safari kama hiyo haiendi bila mzee wa ukoo. Mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba wakila mabaki ya sukuma wiki. Mchumba nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ghala la vipuri vya magari, na Mwikali tulikuwa tukiimba naye kwaya. Alikuwa msichana mwerevu na mcheshi, na nilimpenda kama dada. Aliyejua kwamba napenda wanaume ni mmoja tu, fundi wa redio niliyekuwa naye mwaka mzima, naye alikuwa amekwisha kuhamia Mombasa.

Baba alikuwa amenipa nauli, lakini nilikwenda kwa miguu. Nilihitaji muda wa kupanga maneno ya kumwambia Babu kuhusu mimi. Nilimchagua Babu si kwa kuwa nilidhani atanielewa. Nilimchagua kwa kuwa yeye peke yake angeweza kusema safari haipo na baba akamsikiliza.

Saa mbili na nusu nilivuka Outer Ring Road. Kijana wa dukani aliniita, "Niaje, bwana harusi?" nikamjibu poa, nikaendelea. Nilipita Donholm, nikaishika Jogoo Road. Karibu na Makadara nilikaa kwenye ukuta mfupi wa kanisa nikajaribu kuyasema maneno yangu kwa sauti ya chini. Hapo niligundua kwamba majina yote niliyoyajua ya mtu kama mimi, kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Sheng, yalikuwa matusi. Nikaamua nitasema bila kutumia jina lolote.

Saa nne na nusu nilifika Shauri Moyo. Babu alikuwa nje ya nyumba yake ya kanjo, ya baraza la jiji, ameketi kwenye kigoda, anampiga msasa twiga wa mbao. Alikuwa mchongaji tangu ujana wake, na ingawa alikuwa na miaka sabini na miwili, mikono yake haikutetemeka. Nyanya alikuwa amefariki miaka sita kabla, na Babu alikataa kuhamia kwetu. Mimi ni kifungua mimba, kwa hiyo nilipewa jina lake, Mutua, naye hakuniita kitu kingine ila wajina.

Nilimsalimu, nikampa ujumbe wa baba kama nilivyoagizwa. Kisha nikasema, "Babu, naomba kesho usiende Kangundo. Mimi si wa kuoa mwanamke. Napenda wanaume."

Aliendelea kupiga msasa shingo ya yule twiga mpaka akaridhika nayo. Akaniuliza kama baba anajua. Nikasema hapana. Akauliza kama Mwikali anajua. Nikasema hapana, na swali hilo liliniaibisha kuliko la kwanza. Alifunga tezo na patasi ndani ya gunia, akaingia ndani, akatoka amevaa koti.

"Wajina," akasema, "leo ni Ijumaa. Twende Kariobangi."

Nyumbani sote tulijua kwamba kila Ijumaa Babu huenda Kariobangi kwenye maombi ya wazee. Nikadhani ananipeleka nikaombewe. Tulikata Gikomba katikati ya marobota ya mitumba, tukapanda basi Eastleigh. Nilianza kujuta.

Saa saba mchana tuliingia kwenye ua wa watu wanaotengeneza majiko, kelele za nyundo na mabati zimejaa. Nyuma yake kulikuwa na vyumba vinne. Babu aliingia cha mwisho bila kubisha. Akatundika koti kwenye msumari, akainama, akatoa birika chini ya kitanda bila kutazama. Kitandani aliketi mzee mnene, mguu mmoja umevimba, umeegeshwa kwenye kiti. Alikuwa Mzee Wekesa, Mbukusu, mstaafu wa kiwanda cha nguo. Nilikuwa nimelisikia jina lake maisha yangu yote kama rafiki wa Babu wa zamani. Hapakuwa na wazee wengine, wala Biblia.

"Huyu ni wajina wangu," Babu akamwambia. "Ana habari kama yetu."

Mzee Wekesa alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Umemwambia?"

"Namwambia sasa."

Babu alinieleza huku akimkanda yule mzee mguu kwa mafuta. Alipokuja Nairobi kutafuta kazi, wanaume walipangiwa vyumba Shauri Moyo wawili wawili, wake zao wakabaki nyumbani. Yeye alipangiwa na Wekesa. Waliishi hivyo miaka kumi na mmoja, na katika mwaka wa pili wakawa wapenzi. Kisha Nyanya alikuja kutoka Kangundo na watoto, Wekesa akahamia Kariobangi, na Ijumaa zikaanza. Mzee Wekesa naye alikuwa na mke na watoto Bungoma. Alichangia tu pale Babu alipokosea mwaka.

Niliuliza kama Nyanya alijua. Babu aliacha kukanda.

"Hakujua," akasema. "Nilimlisha, nilimvisha, sikuwahi kumpiga. Lakini alikufa akidhani yeye ndiye mwenye kasoro. Aliwahi kuniuliza amekosa nini, na mimi nikanyamaza. Usimfanyie Mwikali hivyo."

Tulikunywa chai. Nililia kidogo, na Mzee Wekesa akanipa kitambaa chake.

Tulilala pale pale, na Jumamosi saa mbili asubuhi mimi na Babu tulifika Umoja. Sebuleni walikuwa baba, mama na ami zangu wawili, wamevaa suti. Nilikuwa nimepanga kusema peke yangu, na nikasema, nimesimama mlangoni. Ami mmoja aliniambia nitoke. Babu akamwomba asubiri.

"Na mimi ni hivyo hivyo," akasema. "Tangu kabla hamjazaliwa. Wekesa si rafiki tu. Kwa hiyo mkimfukuza huyu, tutatoka wote wawili."

Baba yangu ni dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo. Aliuliza swali moja tu. "Na mama?"

"Mamako nilimkosea," Babu akamjibu. "Kwa hilo sina la kujitetea."

Baba alitoka nje. Tulimsikia akiwafungua mbuzi. Aliwapeleka kwa jirani mwenye boma, na hakurudi ndani mpaka mimi na Babu tulipoondoka.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mwikali, aliyekuwa amerudi kwa shangazi yake Umoja, nikamwambia mwenyewe. Aliniuliza nilikuwa nasubiri nini muda wote ule. Hakutaka kunisamehe siku hiyo, wala sikumwomba. Ami zangu waliieneza habari kanisani, nikaacha kwaya. Nilihamia Shauri Moyo na nguo zangu kwenye begi moja. Baada ya wiki tano mama alituletea isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria, akaketi na Babu nusu saa wakizungumzia mvua. Baba hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Alikuja tu pale Mzee Wekesa alipofariki. Alimpeleka Babu Bungoma kuzika kwa lori lake, siku nzima barabarani, wawili peke yao, na sijui walizungumza nini.

Watu huniuliza nilijifunza nini katika safari ya siku mbili, yote ndani ya Eastlands, upande mmoja tu wa Nairobi. Nilijifunza kwamba ukweli hauponyi kila mtu anayeusikia, na kwamba aliyepata hasara kubwa zaidi kwetu ni Nyanya, ambaye hakuambiwa chochote. Babu alisema maneno yale akiwa na miaka sabini na miwili. Mimi niliyasema nikiwa na ishirini na minne. Hiyo miaka arobaini na minane kati yetu, yeye hakuwa na mzee wa ukoo wa kumwendea kwa miguu.