Pembe za Mama Huko Fort Worth

Harufu ya samadi mbichi ikinifikia puani, hata leo, mashavu yananiwaka kwa aibu. Wala si samadi ya kijijini. Ni ya Fort Worth, mjini kabisa, pale wanapopitisha ng'ombe barabarani ili watalii wapige picha. Nilikuwa na miaka kumi. Likizo ile Baba Neema, jirani yetu Mtanzania pale Lewisville, alitupakia mimi na Mama kwenye gari lake, akaapa kutuonyesha Texas nzima kwa siku mbili: Fort Worth kwanza, kisha Houston tukaone roketi. Mama alipika sufuria la maharage la kulisha jeshi zima na akiba ibaki, akalifunga kwa kitenge, akalipakata njia nzima. Kwa jua lile, nadhani maharage yaliendelea kuiva mapajani mwake.

Ng'ombe wakatokea. Walikuwa na pembe ndefu kama za ng'ombe wa baba yake kule Burundi, aliowaacha alipokimbia vita. Mara akavua viatu, akainua mikono yote miwili ikapinda kama pembe, akaanza kuwasifu kwa Kirundi huku akikanyaga lami kwa vishindo, kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika Dallas. Kwetu ng'ombe husifiwa hivyo.

"Dada, taratibu!" Baba Neema akamtania. "Hao wana wenyewe, watadhani umekuja kuposa!"

Kamera zote zikawaacha ng'ombe, zikamgeukia Mama. Na katika umati wote ule, nani akatokea? Msichana wa darasani kwangu. Akaniuliza kama namfahamu yule mama.

"Simfahamu," nikamjibu kwa Kiingereza.

Kiingereza cha Mama wakati ule hakikuzidi maneno ishirini. Kwa bahati mbaya, hayo yalikuwamo. Mikono yake ikashuka polepole, akainama kutafuta viatu vyake. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Njia yote ya Houston alitazama dirishani tu. Huko tulikuta roketi imelazwa ubavu, ndefu kama kutoka Lewisville hadi Bujumbura, na mimi siikumbuki rangi yake. Ninachokumbuka ni Mama akifungua kitenge kivulini, akinipakulia sahani ya kwanza, iliyojaa kuliko zote. "Kula, mwanangu," akasema.

Mwaka huu, nilipohitimu masomo yangu ya jioni, Mama aliniuliza nataka zawadi gani. Nikamwomba twende Fort Worth, yeye, mimi na binti yangu. Magoti yake sasa ni mabovu, tukamtafutia kiti kando ya barabara. Ng'ombe walipokuja nikavua viatu, nikainua mikono. Kirundi changu kina matundu kama chujio. Nadhani fahali mmoja nilimsifu kwa kumwita mbuzi. Binti yangu akakimbilia nyuma ya pipa la taka, akinisihi kwa Kiingereza niache. Mwanamke mmoja, huku akicheka, akamuuliza Mama kama ananifahamu.

Nikasahau kukanyaga. Nikasubiri jibu nikiwa na mikono hewani.

"Huyo ni wangu," Mama akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. "Ila hizo pembe anazikosea."

Kisha, bila kuinuka kitini, akainua za kwake.