Nimekwenda Lindi kumlea mjukuu ili mama yake asiache kazi, mkwe akahama nyumba!

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Nyie wadogo najua mlitaka kuniamkia. Haya, marahaba, marahaba, kaeni tuongee.

Mwenzenu leo nina furaha mpaka vidole vinateleza kwenye simu. Mkiona herufi zimepinda mnivumilie, shule niliionja tu. Ila ninayosema sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo kwa miguu yangu miwili.

Mimi mkulima wa Miteja. Binti yangu Somoe kaolewa Lindi mjini, anabangua korosho kiwandani. Kajifungua, likizo ya uzazi ikaisha, mtu wa kumwachia mtoto hana.

Akanipigia. "Mama, usipokuja naacha kazi."

Na kazi ile anaipenda, jamani! Nikafunga kibegi, nikabeba na unga wangu wa muhogo, huyoo.

Sasa kwetu huku mnajua mambo ya ukwe. Mama mkwe na mume wa mwanao hamlali paa moja, hamli sahani moja, hata kupishana ni aibu. Na wao wamepanga vyumba viwili, korido yenyewe mnapita kwa ubavu.

Siku niliyofika tukakutana na mkwe humo humo. Mimi natoka na beseni, yeye anaingia na ndoo. Lo! Mimi nikageukia ukuta, na yeye kageukia ukuta wake. Tumesimama kama nguo zilizotundikwa. Apite nani? Hakuna!

Basi yule kijana, Hamisi, fundi seremala, adabu zake zimepitiliza. Kabeba godoro, kahamia kwenye banda lake la mbao. Nikasifu, nikasema mkwe huyu kalelewa!

Kumbe nasifu hasara.

Hamisi ndiye aliyekuwa anachota maji, anakoroga uji, anafua nepi, na sasa hakanyagi ndani kwa kunionea aibu. Mimi mtoto mgongoni hashuki. Somoe akirudi kachoka hoi, kazi zote zinamngoja yeye.

"Mama, nilikuita unisaidie, wewe umenihamisha mume! Jumatatu nakwenda kuaga kazini, basi."

Hapo mjue neno liliniingia.

Kesho yake mtoto kagoma maziwa ya kikombe. Analia huyo mpaka sauti inakauka. Nikamfunga mgongoni, mguu kwa mguu mpaka kiwandani.

Somoe katoka getini, mikono imejaa mafuta ya maganda ya korosho. Na yale yanaunguza ngozi, si mchezo. Mtoto anamtaka mama, mama hawezi kumgusa. Anasugua mikono kwa majivu, na yeye analia.

Mara katoka msimamizi wao, Mama Anjela, mama wa Kimakonde, sauti kama ngoma.

"Bibi, umekuja kuomba kazi?"

"Nimekuja kunyonyesha mjukuu, ila langu limekauka zamani!"

Mlinzi kacheka, na yeye kacheka. Kisha kamtazama Somoe, kicheko kikamwisha.

"Somoe, mbona hukusema?"

"Niliogopa utasema nadeka."

"Kudeka! Wanangu mimi niliwalea kwa mikono hii hii ya mafuta. Nani kakwambia sijui?"

Wakuu, alimhamisha hapo hapo! Katoka kubangua, kawekwa meza ya kuchambua korosho nyeupe, mikono mikavu. Kichumba cha magunia kikafagiwa, mkeka ukatandikwa. Sasa nashinda humo na mtoto, akilia Somoe anakuja kunyonyesha, anarudi mezani. Na wenzake nao wakaniletea watoto wao. Nina wajukuu wa kuazima!

Likabaki la mkwe. Mwenye nyumba wao, Bi Sharifa, mjane mwenzangu, anakaa ng'ambo ya ua. Nikamwambia mkwe wangu analala na mbao kwa ajili yangu.

"Na wewe umekaa unaona fahari! Njoo ulale kwangu, nipate wa kupiga naye soga."

Nikahamia. Hamisi karudi na godoro lake siku ile ile. Sasa akifika mlangoni anakohoa, mimi najitanda khanga natokea uani. Mgeni atadhani kijana ana kifua!

Jumatatu mimi na Bi Sharifa tukawa tunachungulia dirishani kwake. Hamisi anaanika nepi, Somoe huyo anapita mbio, aproni mkononi.

Bi Sharifa kamchokoza. "Wewe, si ulisema leo unaaga?"

"Niage niende wapi? Mama fanya haraka na mtoto, nachelewa mie!"

Nilipiga kigelegele mpaka jirani katoka kuuliza nani kaolewa.

Funzo langu hili. Mabosi, mwenye mtoto mchanga si mvivu, muulizeni kinachomsumbua. Na sisi mabibi, ukienda kusaidia, tazama kwanza uliyemkuta anasaidia, usimfukuze kwa adabu zako.

Haya, nyie wenye wakwe mnaishije nao? Na kazini kwenu mtoto akilia inakuwaje? Semeni, hata wa kunizodoa karibu. Nipo mkekani hapa, watoto wote wamelala.